Siku Kumi Kabla ya Kengele

Mlinzi wa shule alikuwa ameshaacha kumwuliza jina. Akiuona tu ule mkoba wa kijani ukichomoza kwenye kona ya maghala, mkono wake ulishika kalamu wenyewe, na mtoto alipofika getini jina lake lilikuwa limeshakauka kwenye daftari la waliochelewa.

"Leo umepita wapi?" aliuliza Ijumaa hiyo, kwa namna ya mtu anayesalimia.

"Njia ile ile, babu."

"Basi njia hiyo inarefuka ukilala. Haya, chukua fagio lako."

Alisema lako kwa haki. Ilikuwa asubuhi ya tisa mfululizo, na fagio lile lenye mpini uliofungwa kamba lilikuwa limezoea viganja vya mtoto huyu kuliko vya mfagizi mwenyewe. Alikuwa darasa la tatu, miaka tisa, miguu mirefu kuliko sketi yake. Nyumbani walimwita Karani, kwa sababu tangu ajue kuandika hakikupita kitu mbele yake bila kuandikwa: mayai yaliyobaki, namba za magari, siku ambazo baba yake aliahidi jambo. Na kilichowachekesha watu wa mtaa, tena wakicheka mbele yake bila kuona haya, ni kwamba baba yake alikuwa fundi saa.

Alifagia, akatimua vumbi, akaingia darasani wa mwisho.

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na mwaka wake wa kwanza kazini na watoto sitini na mmoja. Usiku uliopita alikata kalenda za zamani zikawa kadi, na sasa alizigawa, upande mweupe juu.

"Kila mtu ataandika lengo lake. Lengo ni kitu unachotaka kukifikia wewe mwenyewe, unajua siku utakayokifikia, na kikifika unakiona. Nani anaanza?"

Mikono ilipanda.

"Mimi nataka kuwa rubani."

"Vizuri. Kabla ya muhula kwisha?"

Mtoto alifikiri. "Hapana, mwalimu. Bado sijamwambia mama."

"Mimi nataka kurefuka," alisema mwingine.

"Utafanya nini ili urefuke?"

"Nitasubiri."

Darasa lilicheka, na mwalimu akageukia ubao kidogo mpaka uso wake ukatulia.

"Mimi nataka dada yangu aache kunifinya."

"Hilo ni lengo la dada yako. Wewe tafuta la kwako."

Alisimama msichana wa dawati la nyuma. "Kuruka kamba mara mia bila kukosea. Sasa hivi nafika sitini na mbili."

"Mmesikia? Huyu anajua yuko wapi na anajua anakwenda wapi. Karani, wewe je?"

"Kufika kabla ya kengele, siku kumi mfululizo."

"Hatua zako?"

"Nitakimbia."

"Umeshawahi kukimbia?"

"Kila siku."

"Ukafika?"

"Nikafika nimechelewa, tena nahema."

Hapo watoto walicheka sana, lakini mwalimu hakucheka. Aliinama kwenye dawati. "Wewe unakunywa dawa na ugonjwa huujui. Kesho ni Jumamosi. Waombe nyumbani mjifanye mnajiandaa kwa shule. Usimharakishe mtu. Tazama tu, uandike kinachokuchelewesha. Andika ulichokiona, usiandike nani mbaya. Kisha njoo Jumatatu na hatua. Ila kila hatua iwe kitu unachokifanya wewe, si unachomwagiza mtu."

Walipokuwa wakitoka, mwalimu alimpa Karani bahasha. Aliitoa taratibu, kama mtu anayetoa kitu kisicho chake.

Mama aliisoma barua amesimama, mikono ikinuka sabuni ya hospitali alikofua mashuka kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama. Mara ya kwanza alisoma kimya. Mara ya pili alisoma kwa sauti, ili Bibi asikie. Mtoto wenu amechelewa mara tisa. Muhula umebakiza siku kumi za masomo. Akifikisha mara kumi, atahamishiwa zamu ya mchana.

"Zamu ya mchana wanatoka saa ngapi?" aliuliza Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa Fundi. Alikuwa kwenye mkeka akimvua viatu mjukuu wake wa miaka mitatu, yule waliyemwita Kifungo tangu siku alipomeza kifungo cha shati la baba yake.

"Saa kumi na mbili na nusu, mama. Giza."

"Na huko nyuma ya maghala hakuna hata taa moja."

"Ndiyo hivyo. Magoti yako hayafiki kule. Baba yake saa hizo ndipo wateja wanapita kibandani wakitoka kazini, akiwakosa hao hana wengine. Anabaki nani?" Mama aliikunja barua mara nne. "Nabaki mimi. Na mimi nikiomba kutoka mapema kila siku, msimamizi ataniambia nisirudi kabisa."

Wote walijua kwamba kodi ya vile vyumba viwili na dawa ya magoti vilitoka kwenye mashuka ya hospitali. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, na kibanda cha Fundi kilikuwa na saa nyingi zilizosahauliwa na wenyewe, kila moja ikisema lake.

Fundi aliingia, akapewa barua, akaisoma kwa jicho moja lililofumbwa nusu, kama alivyozoea kutazama vyuma vidogo.

"Mtoto anazubaa njiani," alihukumu. "Mimi namtoa hapa saa moja kamili. Mpaka shule ni dakika ishirini na tano. Kengele ni saa moja na nusu. Zile dakika nyingine anazipeleka wapi?"

"Sizubai, baba."

"Basi unatembea kama anayesindikiza mgeni."

Karani akaeleza habari ya kadi, na ya kujifanya wanakwenda shule siku ya Jumamosi.

"Jumamosi?" alisema Fundi. "Niamke Jumamosi ili nitazamwe?"

"Utatazamwa," alisema Mama.

Asubuhi iliyofuata Karani alikaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa sare, daftari magotini. Nyumba nzima ilitembea kama nyumba yenye mkaguzi. Mama, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko, alipuliza jiko kwa adabu. Bibi alikuwa chumba cha pili akimalizia sala, na sauti yake ilipanda kidogo kuliko siku nyingine.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza Fundi, akitafuta soksi.

"Baba ameitwa mara tatu. Kifungo amelia akitaka kuvaa mwenyewe. Kiatu kimoja kilikuwa ndani ya sufuria."

"Ya sufuria si lazima uandike."

"Mwalimu amesema niandike nilichokiona." Karani aliinua macho kwenye saa ya ukutani, iliyokuwa inaonyesha saa kumi na mbili na nusu. "Baba, niandike saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika kumi. Ile iko mbele dakika ishirini, niliisogeza mwenyewe mwaka juzi, ili tusilale. Kila mtu humu anajua."

Mama aliacha kupuliza. "Ishirini zipi? Mimi niliirudisha."

"Uliirudisha lini?"

"Wiki mbili hizi zilizopita. Simu yangu ilikuwa kwa fundi wa simu, nikawa natoka kwa saa hiyo, nafika hospitali walinzi bado wamelala, nasimama nje na mbwa. Nikapanda kiti nikaiweka sawa. Nikasahau kusema."

Fundi alibaki na soksi moja mkononi. Alikuwa na simu yake, ila betri aliifunga kwa mpira, na ikidondoka tu ilirudi miaka kumi na mitano nyuma, kwa hiyo hakuiamini kwa jambo lolote isipokuwa kupiga.

"Yaani siku zote hizi naangalia saa ya kweli," alisema polepole, "halafu natoa ishirini?"

Sala ilikatika chumba cha pili. Bibi alitokea mlangoni akijifunga kitambaa cha kichwa, na hakumtazama mtu.

"Mimi sikuirudisha yote," alisema. "Nilitoa kumi tu."

"Mama!" Hiyo ilimtoka Fundi bila kupanga.

"Ningejuaje? Wewe ulisema iko mbele ishirini. Chai inaiva, inapoa, na mimi bado naongea na Mungu. Wiki iliyopita nikamwambia jirani mrefu anishushie saa, nikatoa kumi. Nikaomba na msamaha siku hiyo hiyo."

Mama alitoa simu yake kwenye mfuko wa gauni, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini."

Kalamu ya Karani ilikwaruza karatasi.

"Unaandika nini sasa?" aliuliza Fundi.

"Saa yetu iko nyuma dakika kumi. Baba anadhani iko mbele ishirini. Jumla thelathini."

"Andika taratibu," alisema Fundi. "Dirisha liko wazi."

Mama alianza kucheka kwanza, akafunika uso kwa khanga. Bibi alifuata. Fundi alijitahidi kukasirika, lakini Kifungo alipita katikati yao amevaa shati kichwani kama kofia, na juhudi hiyo ikamponyoka. Alipomaliza kucheka alimvuta Karani, akamketisha kando yake.

"Hukuzubaa," alisema. Kwake hiyo ilikuwa kauli ndefu.

Alichukua kiti, ashushe saa. "Nitaisogeza mbele tena ishirini. Kwa usalama."

"Hapana, baba. Iseme kweli."

"Mimi ndiye fundi wa saa hapa, au wewe?"

"Ikiwa mbele kila mtu anatoa zake."

"Mwalimu wako si alisema hatua iwe unachokifanya wewe? Hii ni saa yangu."

Karani alifikiri. Kisha alipanda kiti mwenyewe. Fundi alisimama, akamwangalia, akasogea akashika miguu ya kiti isitikisike. Mama alisoma dakika kwenye simu, na mtoto akageuza mishale kwa kidole, akikaza ulimi nje ya mdomo. Kwenye kadi aliandika: Hatua ya kwanza, nitalinganisha saa kila jioni. Ya pili, nitaweka viatu vya Kifungo mahali pamoja. Ya tatu, nitamwita baba mara moja tu, kwa maji.

"Kwa maji?" alisoma Fundi.

"Kidogo."

Siku ya kwanza Karani alifika mlinzi bado hajafunga geti. Mzee yule alimtazama, akatazama juu kama anayetafuta mvua. Siku ya pili alifika, siku ya tatu akafika, na kila siku alitia rangi kisanduku kimoja kati ya kumi alivyovichora kwenye kadi, kwa penseli nyekundu. Siku ya nne maji yalimwagika mengi kuliko ilivyopangwa, na Fundi alikwenda kibandani na kola mbichi, akawaambia wateja wawili kwamba ni jasho. Bibi alijifunza kuanza sala mapema zaidi, akasema Mungu hakulalamika. Majirani walipomtania Fundi, aliwajibu kwamba nyumbani kwake siku hizi kuna mkaguzi.

Ikafika siku ya nane, visanduku vinane vyekundu. Mama alianza kulala usingizi wa moja kwa moja.

Siku ya tisa, Alhamisi, Karani alitoka saa moja kamili kama siku zote, akapinda kona ya maghala, akaona geti limefungwa. Mbele yake kulikuwa na mstari mrefu wa watoto, wengine wa darasa la saba, ambao hawakuwahi kuchelewa maisha yao.

"Kengele imelia," alisema mlinzi. Hakutania. Alipofika kwenye jina la Karani kalamu ilisita, akaliandika herufi moja moja. "Mara ya kumi hii, mjukuu wangu. Sina la kufanya."

Jioni Karani aliweka kadi mezani. Kisanduku cha tisa kilikuwa cheupe, na chini yake aliandika: Sikufika. Kesho nitatoka mapema zaidi dakika kumi.

Mama aliikuta hapo. Hakumgombeza. Alivua aproni ya kazi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati, mahali walipoweka vitu ambavyo havitumiki tena.

"Kesho nitamwambia msimamizi," alisema.

"Subiri," alisema Fundi. Alichukua simu ya mke wake, akaiweka kando ya saa ya ukutani, akazitazama zote mbili dakika nzima. Zilikwenda pamoja, hatua kwa hatua. "Nilimtoa mwenyewe saa moja kamili. Hakukimbia wala hakuzubaa. Hiyo shule iko wapi kwenye hesabu hii?"

Fundi hakuwahi kuingia ofisi ya mwalimu mkuu. Wiki zote za kuchelewa alikuwa amepanga kutopita hata barabara ile, watu wasimwone. Ijumaa asubuhi alivaa shati lake la harusi, akaweka saa tatu za mkononi mfukoni, na yeye na Karani wakafika kabla hata mlinzi hajamaliza chai.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliwakaribisha viti. Mwalimu wa darasa la tatu aliitwa, akasimama karibu na mlango na kadi aliyokabidhiwa na Karani mkononi. Ukutani, juu ya kichwa cha mkuu, kulikuwa na saa kubwa ya duara, na kengele iligongwa kwa kufuata saa hiyo.

Fundi alitoa saa zake tatu, akazipanga mezani kama mashahidi.

"Mwalimu, samahani. Hiyo ya juu iko mbele dakika saba."

"Najua. Nimeisogeza mwenyewe juzi jioni."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Walimu wanachelewa. Nikaona nikiisogeza kidogo watawahi."

Fundi alihisi kama amekutana na mtu wa ukoo wake.

"Walimu wanajua?" aliuliza kwa upole.

"Wakijua si watazitoa?"

"Watazitoa," alikubali Fundi. "Hilo nakuhakikishia. Na watoto je, waliambiwa?"

Mwalimu Mkuu alivuta daftari la mlinzi, akafungua ukurasa wa jana. Majina arobaini na matatu. Aliyahesabu kwa kidole, akarudia kuyahesabu, na alipofika mwisho alikuta hata binti yake wa darasa la tano yumo.

"Huyu hakunieleza nyumbani," alinung'unika.

"Watoto wakiambiwa wamezubaa huwa hawana la kueleza," alisema Fundi. Sikio lake liligeuka jekundu, maana Karani alikuwa amekaa pale pale anamsikiliza.

Mkuu aliegemea kiti. Alimtazama mtoto. "Wewe. Jana ulichelewa?"

Fundi alimkanyaga kidole taratibu chini ya meza.

"Nilifika kengele imeshalia," alisema Karani.

"Lakini saa ilikuwa ya uongo."

"Ndiyo. Na kengele ilikuwa imeshalia."

Mkuu alinyoosha mkono, mwalimu akampa kadi. Aliisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Kisha akachukua rula na kalamu, akapiga mstari juu ya ukurasa wote wa jana, majina arobaini na matatu, la binti yake likiwemo.

"Siku hii imefutwa. Huyu atabaki asubuhi." Aliinuka, akavuta kiti chake mpaka ukutani. "Fundi, hebu nitolee hizo dakika saba. Lakini taratibu, wasitambue."

"Mwalimu, saa haiondolewi dakika taratibu. Ni mara moja."

"Basi mara moja. Funga mlango kwanza."

Jioni hiyo nyumba ilijaa kelele. Mama aliishusha aproni kutoka kabatini, akaikung'uta vumbi la siku moja. Bibi alishukuru kwa sauti, akataja majina ya wote, akamtaja na mlinzi. Fundi alisimulia habari ya ofisi mara tatu, na kila mara kiti cha mwalimu mkuu kiliongezeka urefu.

"Jumatatu," alisema, akijinyoosha mkekani, "muhula umekwisha kuhesabiwa. Nalala mpaka jua linichome. Karani, ile kadi ibandike ukutani, watu waione. Siku kumi."

"Si kumi," alisema Karani.

"Jana imefutwa, umesikia mwenyewe. Mwalimu wako si alikwambia utie rangi?"

"Aliniambia. Nikakataa."

Mama aligeuka. "Ukakataa?"

"Mkuu amefuta kwenye daftari lake. Kwenye kadi yangu niliandika kabla ya kengele, siku kumi mfululizo. Nimefika siku nane, nikakosa, na leo ni moja." Aligeuza kadi upande wa pili, ule wa picha ya kalenda. Alikuwa ameshachora visanduku kumi vipya juu ya picha ya ziwa, na cha kwanza kilikuwa chekundu. "Mwalimu akaniuliza nitamaliza lini. Nikamwambia muhula ujao wiki ya pili, kwa sababu kuna likizo katikati."

"Na zamu ya mchana?"

"Ile ilikuwa ya mkuu. Hii ni ya kwangu."

Fundi alimtazama mke wake, akitafuta msaada. Mama alikuwa anatafuta kalamu. Mzazi alitakiwa kutia saini chini ya kila kadi mpya.

"Karani, mwanangu," alisema Fundi, sauti ikiwa laini kama ya mtu anayenunua, "hizo tisa zilizobaki, yale maji nayo yamo?"

"Yamo. Hatua ya tatu."

"Hayawezi kupunguzwa?"

Mtoto alifikiri kwa haki, akasoma kadi yote tangu juu.

"Ukiamka kwa kuitwa mara moja," alisema, "hayatamwagwa."

Bibi alicheka mpaka akashika goti. Fundi aliipokea kalamu, akatia saini, kisha akainuka kwenda kuchagua upande wa kulala usio karibu na ndoo.